Fundi ameleta devi: tuisome pamoja

Watoto wamekua. Vyumba viwili vilivyotosha siku za kwanza za ndoa havitoshi tena. Wavulana wanalala sebuleni juu ya mkeka, wasichana wanabanana na nyanya yao aliyekuja kutoka kijijini, na jioni mwanafunzi hana mahali pa kufungulia daftari lake. Baba na mama wameshauriana, wameweka akiba kidogo kidogo kwa miaka miwili au mitatu, nao wamekata shauri: tutaongeza chumba kimoja nyuma ya nyumba. Fundi ameitwa. Amepima kwa kamba, ameugongagonga ukuta wa zamani kwa kiganja, na baada ya siku tatu amerudi na karatasi. Karatasi hiyo mafundi wetu wa Kongo huiita devi, yaani makisio ya vifaa na kazi, pamoja na bei ya kila kitu.

Sasa baba anafanya nini? Katika nyumba nyingi jicho lake lateremka mbio mpaka mstari wa mwisho, mahali palipoandikwa jumla. Aona ni kubwa, ashusha pumzi, asema: «Fundi, nipunguzie.» Fundi naye ajikuna kichwa, aondoa dola mia na hamsini, na wote wawili wapeana mikono kwa furaha.

Lakini tuulize: hizo dola mia na hamsini zimetoka wapi? Mfanya biashara wa simenti hakupunguza bei ya mifuko yake. Mwenye lori la mchanga hakupunguza. Basi, kama fundi hakuacha sehemu ya mshahara wake mwenyewe, kuna kitu kimetoka ndani ya nyumba: mifuko mitatu ya simenti, au fito mbili za chuma, au bati nene limegeuka kuwa bati jembamba. Hakuna aliyetaja ni kitu gani. Baba ameshinda mashindano ya bei, na labda ameshindwa katika ukuta. Ndiyo maana twataka leo tuisome karatasi hii mstari kwa mstari, tukianzia juu.

Tuchukue mfano. Tuseme nyumba ipo katika komini ya Katuba, mjini Lubumbashi. Huko nyumba nyingi zilijengwa katika miaka ya 1950, mji ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville. Nyingi ni nyumba nzuri na imara, lakini hazikupimwa kwa jamaa kubwa. Chumba tunachotaka kuongeza kina mita 4 kwa mita 3 kwa ndani, nacho kitaegemea ukuta wa nyuma wa nyumba. Kitakuwa na madirisha mawili, kila moja mita 1.20 kwa mita 1.20, na mlango wa kuingilia utatobolewa katika ukuta wa zamani. Paa litainama upande mmoja tu, na kuta zitapanda mita 2.80 kwa wastani. Mafundi wawili wameleta devi. Ya kwanza yasema dola 2,350, ya pili dola 1,700. Bei hizi ni za mfano tu. Msomaji asizichukue kuwa bei za soko.

Dola 650 si jambo dogo! Ni karo za shule, ni dawa, ni unga wa miezi mingi. Kwa hiyo kabla ya kumchagua yule wa pili, mwite mtoto wako wa mwaka wa sita wa shule ya msingi, aje mezani na kalamu. Mama naye asibaki jikoni wakati huo, maana mara nyingi yeye ndiye ajuaye bei ya vitu kuliko baba.

Tuanze na matofali, kwa kuwa ndiyo yanayohesabika kwa urahisi. Pande za Lubumbashi twayafyatua kwa udongo wa vichuguu vile vikubwa vya mchwa, tukayachoma katika tanuru. Na kila mfyatuaji ana kibao chake, hivyo tofali la huyu si sawa na la yule. Kwa sababu hiyo usiulize «mita moja yala matofali mangapi?» kama kwamba kuna jibu moja kwa nchi nzima. Nenda kwa muuzaji, omba uyapange matofali yake chini kama yatakavyokaa ukutani, ukiacha nafasi ya kidole kwa udongo wa kuyaunga, mpaka upate mita moja kwa mita moja. Kisha hesabu. Tuseme umepata 60.

Sasa kuta. Mtoto apige hesabu: ukuta wa mita 3, ukuta mwingine wa mita 3, na ukuta wa mita 4: jumla mita 10. Zidisha kwa 2.80: mita za mraba 28. Ondoa madirisha mawili, ambayo ni karibu mita za mraba 3: zabaki 25. Mara 60, matofali 1,500. Pembe zaongeza kidogo, na matofali mengine huvunjika njiani au hukatwa kwa mwiko. Basi ongeza sehemu moja ya kumi, tupate 1,650. Msingi tusiuhesabu hapa, kwa kuwa fundi wetu ameuandika peke yake, nao ni wa mawe.

Fungua devi ya kwanza. Imeandikwa: matofali 2,350.

Mtoto atashangaa. Mwache atafute mwenyewe, atapata. Fundi amehesabu kuta nne: 3 na 3 na 4 na 4, yaani mita 14, mara 2.80, nayo ni mita za mraba 39 na zaidi kidogo, bila kuondoa madirisha. Mara 60, ndiyo 2,350. Lakini ukuta wa nne upo tayari! Ulisimama hapo kabla ya watoto hao kuzaliwa. Tena ukitoboa mlango ndani yake, utapata matofali mengine mazima ya kutumia tena.

Je, fundi huyu ni mwizi? Tusiwe wepesi wa kusema hivyo. Mafundi wengi wamezoea kuandika devi ya nyumba mpya yenye kuta nne, na mkono huandika kwa mazoea. Lakini kosa lisilo la makusudi lalipiwa kwa fedha ile ile. Mwulize kwa heshima, faraghani, si mbele ya wasaidizi wake: «Fundi, nimehesabu kuta tatu, wewe umepata ngapi?» Fundi mwema atacheka, atachukua kalamu na kusahihisha. Akikasirika na kusema, «Baba, hiyo ni kazi ya fundi, wewe huwezi kuielewa», hapo umejifunza jambo kubwa bila kulipa hata faranga moja.

Tofali lenyewe nalo lijaribiwe. Shika mawili, uyagonge: lililoiva hutoa sauti ya wazi, lisiloiva hujibu kama mti uliooza. Liache moja katika ndoo ya maji usiku mzima. Asubuhi likimeguka kwa vidole, hata bei yake ikiwa nusu, si bei rahisi.

Simenti ni jambo gumu zaidi, kwa kuwa ikishachanganywa haionekani tena. Devi yasema «simenti, mifuko 40», basi. Arobaini kwa kazi gani? Hapo umwombe fundi agawanye: msingi ngapi, sakafu ngapi, kuunga matofali ngapi, kupiga lipu ngapi. Sehemu moja waweza kuipima wewe mwenyewe, nayo ni sakafu. Mita 4 mara mita 3 mara unene wa sentimita 10 ni mita moja na sehemu mbili za kumi za ujazo. Kwa sakafu ya chumba cha kulala, kilo 300 za simenti kwa kila mita ya ujazo zafaa, maana yake mifuko 6 ya kilo 50. Mara 1.2, ni mifuko 7 na kitu: andika 8. Ukiona 15, uliza. Ukiona 4, uliza kwa sauti kubwa zaidi, maana sakafu ya mifuko 4 itageuka vumbi chini ya miguu ya watoto.

Kwa mikanda yenye chuma ndani, yaani ile iliyo juu ya mlango na madirisha ambayo mafundi huiita linto, na ule unaozunguka juu ya kuta ambao huuita shenaji, simenti sharti iongezwe: kilo 350, mifuko 7 kwa mita ya ujazo. Na hapa kuna kipimo ambacho hata asiyejua hesabu aweza kukisimamia siku ya kazi: mfuko mmoja wa simenti, kigari kimoja cha mchanga kisicholundikwa, vigari viwili vya kokoto. Kigari ni kile cha gurudumu moja, chenye kuchukua lita 60 hivi. Ukiona wasaidizi wanamwaga kigari cha tatu na cha nne cha mchanga juu ya mfuko ule mmoja, basi devi ilikuwa ya kweli na ukuta ni wa uongo.

Juu ya chuma tutasema machache. Devi isiyotaja unene wa fito haikusema kitu. Iandikwe «milimita 8» au «milimita 10», na idadi, na urefu. Sokoni kuna fito zinazoitwa za 10 ambazo hazifikii 10; mizani itakuambia, kwa kuwa fito ya kweli ya milimita 10 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 7 na gramu mia nne hivi. Ile ya milimita 8 kwa urefu huo huo haifiki kilo 5. Kadhalika mabati: «mabati 10» ni neno tupu. Bati hupimwa kwa namba, na namba hiyo yaenda kinyume na akili ya mnunuzi: kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. BG 28 ni nene kuliko BG 32. Mafundi wawili wameandika mabati 10 kila mmoja, bei mbalimbali. Mmoja anaonekana ghali, kumbe anakuletea bati jingine kabisa.

Hayo yote ni juu ya mambo yaliyoandikwa. Lakini ugomvi wa majumbani, ule unaofika kwa wazee wa mtaa na hata mahakamani, mara nyingi huanzia katika mambo yasiyoandikwa. Rudi basi kwenye devi ya pili, ile ya dola 1,700, iliyompendeza baba.

Soma tena polepole. Matofali yapo, yamehesabiwa vizuri. Simenti ipo. Mabati na mbao zipo. Lakini nani atatoboa mlango katika ukuta wa zamani? Hakuna mstari. Linto ya mlango huo? Hakuna. Lipu ya ndani na ya nje? Ya ndani tu. Vioo vya madirisha, kitasa, rangi, waya wa taa na swichi? Hakuna, hakuna, hakuna. Kusafirisha mchanga na mawe? Hakuna, kana kwamba mchanga utakuja kwa miguu. Maji je? Simenti yanywa maji kila siku, na mahali ambapo bomba ni kavu, maji hununuliwa kwa kidumu. Na mlinzi wa kulala karibu na mifuko? Mwenye nyumba mwenyewe, tuseme. Lakini na hilo lisemwe.

Mtoto aandike bei ya kila kitu kilichosahauliwa, akiulizia madukani. Katika mfano wetu tuseme amepata dola 680. Sasa devi ya pili imekuwa dola 2,380, nayo imeipita ya kwanza, ambayo ilikuwa na mambo hayo yote ndani yake. Na ile ya kwanza, baada ya kuondoa matofali 700 ya ukuta usiokuwapo, imeshuka. Fundi wa bei ndogo huenda hakukusudia kudanganya. Alijua kwamba baba hutazama mstari wa mwisho, akauandika mstari ule kwa namna ya kumpendeza. Kazi ikifika nusu, na kuta zimesimama bila paa, na mawingu ya mvua yameanza kukusanyika, ndipo angekuja kusema: «Baba, imebaki kidogo tu.» Na nani awezaye kukataa wakati huo? Twajua sote zile kuta zinazosimama nyuma ya nyumba za watu mwaka hata mwaka, majani yameota juu yake. Wengi wa wenye nyumba hizo si maskini kuliko wewe. Walianza kwa devi ya nusu nyumba, wakidhani ni ya nyumba nzima.

Kuna neno moja ambalo halimo katika devi ya nyumba mpya, nalo ni la lazima kwa chumba cha kuongeza: mahali pa kuungana. Nyumba ya zamani imekwisha kukaa. Udongo ulio chini yake umeshindiliwa na uzito kwa miaka sitini au sabini. Chumba kipya bado hakijakaa. Katika miezi ya kwanza kitashuka kidogo, labda milimita chache, na ule wa zamani hautashuka pamoja nacho. Wakiunganishwa vibaya, utaona ufa kutoka chini mpaka juu, na mvua ya kwanza itaingia humo. Kwa hiyo mwulize fundi: utaungaje? Wako wanaochimba meno katika ukuta wa zamani na kuyaingiza matofali mapya, hatua kwa hatua. Wako wanaoacha kwa makusudi nafasi nyembamba iliyonyoka na kuifunika vizuri. Njia zote mbili zaweza kuwa njema, ila msingi mpya sharti ufike chini kama ule wa zamani na kukaa juu ya udongo mgumu. Fundi asiye na jibu lolote ni yule atakayebandika ukuta juu ya ukuta kama mtu abandikaye karatasi.

Na juu, mahali paa jipya linapokutana na la zamani, ndipo maji ya Katanga hutafuta njia. Lazima bati jipya liingie chini ya lile la zamani, na tena kwa kina cha kutosha. Ikiwa nyumba ni fupi na paa jipya halipati mwinamo, heri kulijua sasa, wakati bado ni penseli na karatasi. Mstari wa kazi hii uandikwe peke yake katika devi. Si kazi ya kuongezea bure.

Tumefika kwenye mshahara wa fundi, na hapa yafaa tuseme kwa haki. Kuna mafundi wanaohesabu malipo yao kuwa sehemu ya bei ya vifaa, kwa mfano theluthi moja. Desturi hii ni nyepesi, lakini ina ubaya wake: kadiri vifaa vinavyokuwa vingi na ghali, ndivyo fundi anavyopata zaidi, na yeye ndiye anayeandika vifaa! Hata mtu mwaminifu si vema kumweka katika jaribu hilo kila siku. Afadhali mshahara utajwe kwa namba, kwa kazi iliyoelezwa: kuchimba na kujenga msingi, kiasi hiki; kusimamisha kuta, kiasi hiki; paa; lipu na sakafu. Na ukikuta mshahara wa haki, usiukate. Fundi ana wasaidizi wa kulisha, na watoto kama wako. Yule uliyemkaba koo katika mshahara atajilipa katika simenti, tena usiku.

Wengine hupenda kununua vifaa wao wenyewe na kumwachia fundi kazi ya mikono tu. Ni njia njema kwa mwenye nafasi ya kwenda sokoni na kusimama karibu. Kwa baba anayetoka alfajiri na kurudi usiku, fedha aliyookoa dukani yaweza kupotea kwa mifuko iliyokaa siku tatu kwenye umande. Kila jamaa ijipime.

Kisha mapatano. Msiridhike na maneno ya mdomo. Sheria ya Kongo juu ya mapatano, ile dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo hata leo ingali inatumika, yasema kwamba mapatano yaliyofanywa kwa haki ni sheria kwa wale walioyafanya. Ni neno zito. Maana yake, devi iliyotiwa sahihi na pande zote mbili si karatasi ya dukani tena. Basi iandikwe juu yake kama bei ni ya makisio tu, yaani yaweza kupanda, au kama ni bei moja isiyobadilika, ambayo mafundi huiita forfe. Tena iandikwe kwamba kazi yoyote ya kuongeza haitalipwa ila imekubaliwa kwanza kwa maandishi, pamoja na bei yake. Nusu ya magomvi ingezimwa na mstari huo mmoja, kwa kuwa mara nyingi ni baba mwenyewe anayesema, akipita na baiskeli yake: «Fundi, ongeza na kibaraza hapo,» kisha asahau kwamba amesema.

Hapa kwetu bei huandikwa mara kwa dola, mara kwa faranga. Chagueni moja. Ikiwa mtalipa kwa faranga bei iliyoandikwa kwa dola, semeni ni kwa kima cha siku gani: siku ya sahihi au siku ya kulipa. Tarehe nayo isikosekane, na muda ambao devi yafaa, maana bei ya simenti haimngoji mtu. Ruhusa ya kujenga iombwe mapema katika ofisi ya serikali inayosimamia ujenzi, na iandikwe nani atailipia. Kuomba baada ya ukuta kusimama ni kazi chungu.

Fedha ya kwanza, ile avansi, ni halali yake fundi, kwa kuwa hawezi kuanza na mikono mitupu. Lakini isiwe nusu ya nyumba. Mpe ya kutosha kwa vifaa vya msingi na chakula cha wasaidizi, umwombe karatasi za dukani, kisha ulipe kila hatua inapokwisha: msingi umetoka ardhini, kuta zimefika linto, paa limefungwa. Kila malipo yaandikwe katika daftari moja, tarehe na kiasi, na sahihi mbili. Mama alihifadhi daftari hilo.

Ukiweza, anza mwezi wa Mei au wa Juni, mvua zikiisha kukatika. Kiangazi kikavu chasaidia kuchimba na kuezeka, lakini chakausha simenti upesi mno. Kwa hiyo mikanda na sakafu zinyweshwe maji asubuhi na jioni kwa muda wa juma zima. Kazi hiyo ya kunywesha watoto waweza kuifanya kabla ya kwenda shule, nayo haigharimu ila maji. Iulizwe tu katika devi kama fundi ameihesabu kuwa yake au yenu.

Na sehemu moja ya kumi ya bei ibaki mkononi mwako, kwa mapatano yaliyoandikwa tangu mwanzo, mpaka Novemba. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha usiku, amka na taa, uingie katika chumba kipya, uangalie juu, kwenye kona ile ambapo bati jipya limeingia chini ya lile la zamani, kisha upitishe kiganja ukutani, mahali kuta mbili zinapokutana. Ukikuta unyevu, mwite fundi aje kutengeneza kabla ya mvua ya pili. Ukikuta pakavu, mpelekee fedha yake asubuhi, yote, kabla hajaja kuidai.